Almasi iliyoungua kwa sonara: kwa nini moto wa gesi uliweza kile tumbo la dunia halikuweza

Kisa chenyewe ni hiki. Mama mmoja wa Eastlands alipeleka pete yake ya ndoa kwa sonara mjini, kameno kamoja ka dhahabu kanakoshika jiwe kalikuwa kamelika na jiwe likaanza kucheza, kazi ya kawaida kabisa, unaongeza dhahabu kidogo pale kwenye ncha, unalehemu, unapiga msasa, mtu anaenda nyumbani. Jiwe liliingia likiwa linang'aa na likatoka likiwa na ukungu mweupe upande wote wa juu, mwanga hauingii wala hautoki. Mama akalia palepale kwenye kaunta. Kijana wake, yuko chuo mwaka wa tatu anasomea uhandisi, akasema hapa hakuna mjadala, jiwe limebadilishwa. Fundi naye, mzee ambaye ameshika hiyo kazi kabla huyo kijana azaliwe, akaapa kwamba jiwe ni lilelile na kama ni feki basi lilikuja likiwa feki. Polisi wakatajwa, majirani wa duka wakaanza kujaa mlangoni, na jioni nikapigiwa simu kwa sababu nilisomea jiolojia pale Chiromo, Chuo Kikuu cha Nairobi, na huwa napimia watu vito.

Naandika kirefu kwa sababu hoja ya yule kijana nimeisikia kwa watu wengi sana, tena watu wenye akili, na ukiisikia mara ya kwanza inaonekana haina tundu. Alisema hivi: almasi inazaliwa chini ya ardhi kwenye joto la zaidi ya digrii elfu moja, na huko kwenye sayari kama Neptuni inanyesha kama mvua kwenye joto la digrii elfu kadhaa, na ukitafuta kiwango cha kuyeyuka unapata kama digrii elfu nne, sasa anko, unaniambia kamoto ka gesi ka kulehemu dhahabu ndio kameiharibu? Kama ingekuwa almasi ya kweli ingecheka na huo moto. Kwa hivo ama mamangu aliuziwa kioo, ama huyu mzee amebakisha almasi na kuturudishia kioo.

Kila namba aliyotaja ina mahali pake pa kweli. Tatizo ni kwamba alizitaja bila presha, na joto la almasi bila presha halina maana yoyote, ni sawa na kuambiwa bei bila kuambiwa ni ya kilo au ya gunia. Lakini kabla ya kufika huko ilibidi kwanza tujue jiwe ni nini, maana huwezi kuhukumu mzee wa watu kwa hoja, unahukumu kwa jiwe.

Bahati nzuri pete ilikuwa na karatasi yake ya maabara, imekunjwakunjwa lakini inasomeka: nusu karati, yaani gramu 0.1, duara la milimita 5.1, na chini kuna mchoro wa jiwe ukionyesha kasoro za ndani, kakristali kadogo karibu na ukingo na kamstari kafupi kamelala pembeni yake. Hiyo michoro watu huwa hawaiangalii kabisa, wanaangalia bei tu. Nilimwomba fundi atoe jiwe kwenye pete mbele ya wote, akalitoa, mikono inamtetemeka, na mimi nikaanza kazi.

Kwanza testa ya joto. Hii inafanya kazi kwa sababu almasi inapitisha joto karibu mara tano kuliko shaba, ukiigusa na ncha yenye joto inalivuta joto mara moja na mashine inalia. Nilishika upande wa chini ambako uso ulikuwa bado laini, maana uso uliokwaruzika haugusani vizuri na ncha, ikalia. Kijana akasema hiyo haitoshi, moisanaiti, lile jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, pia inalia. Na alikuwa sahihi, zile testa za zamani za joto peke yake zinadanganywa na moisanaiti, kwa hivo tukaenda kwenye mizani. Jiwe lilikuwa karati 0.49. Ukichukua zirkonia, jiwe lingine la kuiga almasi, ya ukubwa uleule wa milimita 5.1 itapita karati 0.8, kwa sababu ni nzito mno kwa ujazo wake, na moisanaiti itakuwa kama 0.45, nyepesi kidogo. Kwa hivo uzito ulikuwa umekaa pale pa almasi, pungufu kidogo tu ya karatasi, na huo upungufu nitaurudia.

Kisha nikalichovya kwenye mafuta ya watoto. Uso ukiwa na ukungu huwezi kuona ndani kwa sababu kila kakwaruzo kanatawanya mwanga, lakini ukilizamisha kwenye mafuta ule utawanyikaji unapungua na jiwe linafunguka kidogo. Nikaangalia na lupu, kale kakioo ka kukuzia, ya mara 10. Kingo za nyuma zilionekana moja moja, safi, na kwenye moisanaiti zingeonekana mbilimbili kwa sababu ile inagawa mwanga mara mbili. Halafu nikageuza jiwe polepole mpaka kakristali kakaingia kwenye macho, karibu na ukingo, na kale kamstari pembeni yake, palepale karatasi inaposema. Nikampa kijana lupu aangalie mwenyewe huku mchoro uko kando. Aliangalia muda mrefu sana. Mama yake akamuuliza, ni lenyewe? Akasema ni lenyewe mum.

Hii ni muhimu kwa sababu hata kama mtu angebadilisha na almasi nyingine, au na ile inayotengenezwa maabara ambayo ni almasi kamili kwa kila kipimo, hangeweza kupata ingine yenye kasoro zilezile mahali palepale. Mzee hakuiba kitu. Hapo tu mjadala wa polisi ukaisha, na fundi akakaa kwenye stuli akanyamaza kwa muda.

Lakini sasa swali la kijana lilibaki zima, tena limekuwa gumu zaidi: kama ni almasi ya kweli, imeharibikaje?

Hebu anza na jambo moja ambalo kila mtu wa Nairobi amekula matokeo yake bila kulifikiria. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji hapa yanachemka kwenye digrii kama 94 badala ya 100 ya Mombasa. Ndio maana maharagwe yanachukua muda na ndio maana watu wananunua sufuria ya presha, funika, presha ipande, maji yafike digrii kama 120 bila kugeuka mvuke wote. Maji ni yaleyale, jiko ni lilelile. Kinachoamua hayo maji yatakuwa nini kwenye digrii 110, mvuke ama maji, ni presha.

Kaboni iko hivo hivo, tofauti ni kwamba presha zake ni za kutisha. Atomu za kaboni zina njia mbili kubwa za kukaa. Kwenye grafaiti, ile iko ndani ya penseli, kila atomu imeshika majirani watatu na zimetandazwa tabaka tabaka, na kati ya tabaka na tabaka kuna nafasi kubwa, ndio maana inateleza na kuandika. Kwenye almasi kila atomu imeshika majirani wanne, pande zote, imebana. Gramu moja ya grafaiti inachukua karibu sentimita 0.45 za ujazo, gramu moja ya almasi inachukua 0.28. Sasa ukiweka mzigo mkubwa juu ya kaboni, kaboni itaenda kwenye ule mkao unaochukua nafasi ndogo. Hiyo ndio kazi ya presha, na joto linasaidia tu atomu zipate nguvu za kuachana na kushikana upya. Chini ya bara, kilomita kama 150 mpaka 200, presha ni mara elfu 50 ya ile ya hewa tunayovuta na joto liko kati ya digrii 900 na 1,300. Hapo grafaiti ndio mgeni na almasi ndio mwenyeji. Joto la hapo chini haliharibu almasi kwa sababu almasi tayari iko kwenye mkao inaotakiwa kuwa nao, haina pa kwenda.

Huku juu ni kinyume. Kwenye presha ya hewa ya kawaida, mkao wa kaboni unaotulia ni grafaiti, na almasi iliyo kwenye kidole chako iko hapo kwa sababu tu atomu zake hazina nguvu za kuvunja mikono zianze upya. Kwenye joto la kawaida hazitaipata, hata ungoje umri wote wa ulimwengu. Lakini ukiipasha kwenye utupu, bila hewa kabisa, ukipita digrii 1,500 hivi inaanza kugeuka grafaiti nyeusi. Kwa hivo ile namba ya digrii elfu nne ya kuyeyuka, kijana aliiona kwenye intaneti na haikuwa ya uongo, lakini hiyo ni almasi iliyobanwa na presha ya zaidi ya mara laki moja ya hewa yetu. Kwenye meza ya sonara almasi haiwezi kufika hapo ikiwa almasi, itakuwa imeshageuka kitu kingine zamani sana.

Na hata hiyo digrii 1,500 ni ya mahali hakuna oksijeni. Mezani kwa fundi oksijeni ipo, tena ipo mara mbili, iko kwenye hewa na iko kwenye mtungi, kwa sababu mafundi wengi hutumia gesi na oksijeni kupata moto mkali unaopita digrii 2,500. Lehemu ya dhahabu inakimbia kwenye digrii 700 au 800 hivi, na hapo hapo kwenye hicho kiwango ndio uso wa almasi unaanza kuungua. Kuungua kabisa, vile makaa yanaungua. Atomu ya kaboni juu ya uso inakutana na oksijeni, inaondoka kama kaboni dioksaidi, inayofuata inaondoka, na kinachobaki ni uso uliokwaruzwa na vishimo vidogo vidogo ambao jicho linaona kama ukungu mweupe. Ile karati 0.01 ambayo mizani ilionyesha imepotea ndio ilikoenda, iliondoka kama gesi na kuishia kwenye hewa ya mji.

Watu walishalijua hili zamani. Mwaka 1772 kule Paris, mkemia Lavoisier na wenzake walitumia lenzi kubwa kukusanya jua juu ya almasi iliyofungiwa kwenye chombo cha kioo, almasi ikaisha, na gesi iliyobaki ikafanya maji ya chokaa kuwa meupe, sawasawa na gesi ya makaa. Na katika miaka hiyohiyo masonara wa huko huko Paris walikuwa wanabisha, wakisema wao wanapasha almasi motoni kila siku na haiharibiki, na walikuwa wanasema ukweli, kwa sababu walikuwa wanaifukia ndani ya unga wa makaa na kuziba, oksijeni haifiki. Pande zote mbili zilikuwa zimeona kwa macho yao. Ni 1797 ndio Smithson Tennant, Mwingereza, alichoma almasi na kupima gesi iliyotoka, akakuta ni kiasi kilekile kinachotoka kwenye uzito uleule wa makaa, na hapo ikawa haina ubishi tena kwamba almasi ni kaboni tupu. Mimi hiki kipande cha historia nakipenda sana kwa sababu ugomvi wa Paris ni huu huu wa dukani kwetu, sonara mmoja na msomi mmoja, kila mmoja ana ushahidi wake na hakuna anayeuliza hewa ilikuwa wapi.

Kijana alisikiliza yote halafu akauliza swali zuri sana. Kama huku juu almasi haitakiwi kuwepo, na chini kuna joto la digrii elfu, si ikipandishwa kuja juu presha inapungua wakati bado iko moto, mbona haigeuki grafaiti njiani?

Inategemea mwendo. Almasi zinapandishwa na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ya aina inayoitwa kimbalaiti, ambayo imejaa gesi na inapasua ardhi kwa kasi, safari ya kilomita mia na zaidi inaisha ndani ya masaa au siku chache tu. Presha inashuka, joto linashuka, na almasi inafika juu ikiwa imeganda kwenye mkao wake wa kule chini. Jirani zetu Mwadui, Shinyanga, ndio mfano ulio karibu nasi, kimbalaiti kubwa ambayo mjiolojia Mkanada John Williamson aliigundua 1940, na ndiko ilikotoka ile almasi ya waridi ya karati 54.5 aliyopewa Elizabeth wa Uingereza wakati wa harusi yake 1947. Sasa linganisha na Moroko. Kaskazini kule Beni Bousera kuna miamba iliyotoka kina hichohicho lakini ilipanda polepole mno, ikisukumwa na mienendo ya ardhi, na ndani yake utakuta vijiwe vyenye umbo la almasi kabisa, piramidi mbili zimegusana matako, kingo zote zipo, lakini ukikwaruza ni grafaiti nyeusi. Zilikuwa almasi. Zikapunguziwa presha zikiwa moto, kwa muda mrefu, zikageuka ndani ya maumbo yao. Kwangu mimi hakuna ushahidi mzuri kuliko huo, unashika mkononi kitu ambacho kilishindwa safari.

Tukafika kwenye sayari, maana kijana hangeniachia bila Neptuni, na kwa kweli hata mimi nilikuwa natamani tufike.

Neptuni na Uranusi ndani zimejaa maji, amonia na methani iliyobanwa, na methani ni kaboni moja na hidrojeni nne. Tangu 1981 mwanafizikia Marvin Ross alipendekeza kwamba huko chini presha na joto vitavunja methani, kaboni ijitenge na iwe almasi, na kwa sababu almasi ni nzito kuliko vinavyoizunguka, izame. Ndio hiyo mvua. Chombo cha angani Voyager 2 kilipita Uranusi 1986 na Neptuni 1989, na mpaka leo hakuna chombo kingine kimefika huko, kwa hivo hakuna mtu ameona hiyo mvua ikinyesha. Kilichofanyika ni kuitengeneza hapa duniani kwa nukta ndogo ya muda. Mwaka 2017, maabara ya SLAC kule Marekani, kundi lililoongozwa na Dominik Kraus lilichukua plastiki ya polistairini, ambayo ni kaboni na hidrojeni, wakaipiga na leza zenye nguvu mpaka mawimbi mawili ya mshtuko yakakutana ndani yake, presha ikafika mara milioni 1.5 ya hewa yetu na joto karibu digrii 5,000, na huku wakimulika na eksirei wakaona kaboni ikijipanga kuwa vialmasi vidogo mno, vya nanomita chache. Mwaka 2022 wakarudia na plastiki ya PET, ile ya chupa za soda, ambayo ina oksijeni pia ndani, na vialmasi vikatokea tena, hata vizuri zaidi.

Hapo kijana akashika kichwa. Oksijeni ipo na almasi inatokea? Si umesema oksijeni ndio iliunguza ya mum?

Ndio, na hapa ndio panaonyesha kwa nini hauwezi kubeba kanuni kutoka mezani ukaipeleka ndani ya sayari bila kuangalia presha na mazingira. Kwa sonara oksijeni iko huru, inazunguka hewani ikitafuta cha kushika, ikishika kaboni inageuka gesi na gesi inapaa, inaacha nafasi kwa ingine. Kwenye plastiki iliyobanwa, na ndani ya Neptuni, oksijeni tayari imeshikwa, inaelekea kwa hidrojeni, maji na hidrojeni vinaenda upande wao, na kaboni inasukumwa ijitenge. Pia hakuna pa kupaa. Presha ya mamilioni ya hewa haikuruhusu utengeneze gesi inayotaka nafasi.

Halafu kuna yale majaribio ya kubana almasi yenyewe, na haya ndio yamenifanya niiheshimu hii kitu. Katikati kabisa ya dunia yetu presha ni kama mara milioni 3.6 ya hewa. Mwaka 2014 pale Livermore, California, kwenye kituo cha leza kinachoitwa NIF, walibana almasi mpaka mara milioni 50, presha ya ndani kabisa ya sayari kubwa kama Zohali, na almasi, ambayo hakuna kitu kigumu kubana kama hiyo, ikabanwa mpaka ikawa nzito kwa ujazo kuliko risasi. Mwaka 2021 wakatoka na jaribio lingine wakiangalia kwa eksirei atomu zimekaaje. Nadharia ilisema ukipita mara milioni 10 hivi almasi inatakiwa iache mkao wake na kwenda mkao mwingine unaobana zaidi, unaitwa BC8. Wakafika milioni 20. Atomu bado zilikuwa kwenye mkao wa almasi. Yaani kama vile huku juu almasi inakataa kuwa grafaiti ingawa inatakiwa, kule chini ya presha kubwa mno nayo inakataa kuwa BC8 ingawa inatakiwa, kwa sababu ni ileile mikono minne ambayo haivunjiki kirahisi. Huo ukaidi ni mmoja, unaonekana kwenye presha ndogo na kwenye presha kubwa.

Ila hata huko haishindwi na kila kitu. Ukipandisha joto vya kutosha inayeyuka, na kwenye presha kubwa inafanya kitu cha ajabu, majaribio ya Livermore yaliyotoka 2010 yalionyesha kwamba kuna eneo ambapo kaboni ngumu ni nyepesi kuliko kaboni iliyoyeyuka, kwa hivo vipande vya almasi vinaweza kuelea juu ya kaboni ya maji vile barafu inaelea ziwani. Kwa hivo ile kauli kwamba almasi haiwezekani kwa moto si kweli mezani na si kweli ndani ya sayari. Na ile habari ya 55 Cancri e, sayari ya nyota nyingine nje ya jua letu, kuitwa sayari ya almasi, ilisambaa 2012 ikitegemea makadirio kwamba nyota yake ina kaboni nyingi kuliko oksijeni, na vipimo vya mwaka uliofuata vikaonyesha nyota haina kaboni kiasi hicho, kwa hivo mimi siitumii hata darasani.

Turudi kwa swala la nani alipe, maana mama alikuwa bado amekaa pale.

Msimamo wangu nilisema wazi mbele ya wote: mzee si mwizi, lakini kosa la kazi lipo na ni lake. Jino alilokuwa akilehemu limegusana na jiwe, si kama kupunguza au kupanua pete ambapo moto unakuwa chini mbali na jiwe. Alikuwa amezoea ile kazi ya chini. Ukikaribia jiwe na moto wa oksijeni unatakiwa ulisafishe vizuri kwanza, mafuta ya sabuni na losheni yatoke kabisa kwa sababu uchafu unaungua na kushika uso, kisha ulichovye kwenye asidi ya boriki iliyochanganywa na spiriti, uwashe spiriti iungue, ibaki ngozi nyeupe nyembamba juu ya jiwe. Moto ukija, hiyo ngozi inayeyuka kama kioo na kuzuia oksijeni isifike kwenye kaboni. Ndio dawa yote hiyo. Njia ya pili ni kutoa jiwe kabisa, kulehemu jino, kisha kulirudisha.

Mzee alisema boriki anayo, iko kwenye kopo hapo juu ya rafu, huwa anaitumia kwa dhahabu isiwe nyeusi, hakuwa anajua inalinda jiwe. Hakujitetea zaidi ya hapo. Wakakubaliana yeye alipe gharama ya kung'arisha upya, maana ukungu wa kuungua uko juu tu, haujaingia ndani, na mkataji mzuri anauondoa. Jiwe lilirudi karati 0.47, milimita zimepungua kwa unywele, limewaka vizuri, na jino la pete likalehemiwa upya jiwe likiwa nje, lehemu ilipopoa ndio jiwe likarudishwa na meno yakabanwa. Ile tofauti ya uzito fundi aliilipa kwa M-Pesa kidogo kidogo na mama akakubali bila kuandikishiana. Kijana alienda kumsalimia mzee na kumwomba msamaha kwa ile kauli ya polisi, nilikuwepo.

Siku hiyo hiyo ya makubaliano fundi aliniuliza kuhusu mawe mengine, kwa sababu kwake almasi huja mara chache, kinachokuja sana ni rubi za Mangare kule Taita Taveta, savoraiti, kile kito cha kijani, na tanzanaiti kutoka Mirerani, Tanzania. Sasa hapa ni lazima niseme kwa nguvu kwa fundi yeyote anayesoma, kwa sababu mtu akishika somo la boriki nusu ataharibu jiwe lingine. Rubi na yakuti ni alumini na oksijeni, hizo tayari zimeshaungana, haziungui, na zinastahimili digrii karibu 2,000, lakini boriki na boraksi zikiyeyuka juu yake zinakula uso wake, zinauyeyusha na kuacha makovu. Kwa hivo almasi ipake boriki, rubi usiipake kabisa. Savoraiti na tanzanaiti zote hazipendi moto wa ghafla, zinapasuka kwa ndani, na tanzanaiti ni mbaya zaidi, kwa hivo hizo mbili zitoe kwenye pete kabla hujafungua gesi, hata kama mteja ana haraka na amesimama pale kwenye kaunta.